Ghala Lilipojaa, Mkopo Ukakataliwa

Katika miaka yangu yote ya kukopesha viwanda mjini Tanga, nimemwona mteja mmoja tu aliyenyimwa mkopo kwa sababu ghala lake lilikuwa limejaa mali. Wengine walinyimwa kwa sababu za kawaida: hawana hati ya nyumba, hawana hesabu zilizokaguliwa, hawana mjomba makao makuu. Bi Mwanakombo wa Makorora alinyimwa kwa kuwa na kamba nyingi. Na kamba zenyewe hazikuwa zake.

Ninyi vijana mnaoingia kwenye kazi hii na vishikwambi mikononi na vitambulisho vikining'inia shingoni, mtaniwia radhi nikirudi nyuma kidogo. Kisa hiki hakieleweki mpaka mjue tulikuwa tunauza nini.

Tulikuwa tunauza kitu kiitwacho mkopo wa mnyororo wa ugavi. Jina hilo lilitufikia kutoka Dar es Salaam likiwa limechapwa kwenye fulana, na fulana zilifika mapema kuliko maelezo. Tulizivaa siku kadhaa bila kujua tunatangaza nini. Mteja wa kwanza aliponiuliza maana yake, nilimwambia ni pesa ya kuvukia. Maelezo yalipofika, niliona sikukosea sana.

Mambo yenyewe ni hivi. Mtu anatengeneza kamba, sabuni, magunia au mafuta ya nazi. Anaiuzia kampuni kubwa. Kampuni kubwa inapokea mzigo leo na kulipa baada ya miezi mitatu, maana hiyo ndiyo faida ya kuwa mkubwa. Lakini wafanyakazi wa yule mtu wanakula kila siku, tabia mbaya waliyoizoea tangu utotoni. Hapo benki inaingia kati. Inampa mwenye kiwanda sehemu kubwa ya thamani ya ankara yake sasa hivi, halafu yenyewe inangoja ile miezi mitatu, mnunuzi akilipa inajikatia chake.

Kwenye fulana ilikuwa rahisi. Shida ni kwamba benki haijui kitu. Haijui kama mzigo ulifika kweli, kama ulikubaliwa au ulirudishwa, wala kama ankara ile ile haijapelekwa benki ya jirani ikazaa mkopo mwingine huko. Na mkopeshaji asiyejua kitu hasemi "sijui." Husema "mteja hajakidhi vigezo." Mkikaa sana katika kazi hii mtaisema sentensi hiyo hata nyumbani, watoto wakiomba nauli.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mbelwa, Msambaa mwenzangu kutoka milimani, mtu mfupi aliyevaa koti hata kwenye joto la Machi. Siku yangu ya kwanza alinikuta nikisoma hesabu za mteja kwa makini, akaniuliza kama nimewahi kuona karatasi ikisokota kamba. Nikasema hapana. Akachukua kofia yake tukaondoka.

"Kiwanda hudanganya kwa mbele," aliniambia njiani. "Kwa mbele kuna kibao, kuna kiti cha wageni, kuna soda baridi. Zunguka nyuma."

Basi nikajifunza kuzunguka nyuma. Nilijifunza kuweka kiganja juu ya mota nikijifanya naegemea, maana mota iliyowashwa asubuhi kwa ajili yangu haina joto sawa na iliyokesha kazini. Nilijifunza kutazama utando wa buibui ulipo na pasipo. Katika karakana za katani nilijifunza jambo moja ambalo halimo kwenye mwongozo wowote: kiwanda kinachofanya kazi hukupa chafya kabla hakijakupa karibu. Vumbi la katani halina adabu. Ukitoka mle ndani bila kupiga chafya, usikopeshe.

Kulikuwa na bwana mmoja Chumbageni aliyekuwa na hesabu safi kuliko zote nilizopata kuona. Zilikuwa na jalada gumu. Alikuwa pia na kalenda ya ukutani yenye picha ya kiwanda chake, mashine zimepangwa kama vikombe kabatini. Nikazunguka nyuma. Nikakuta mbuzi wawili na jenereta lililogeuka nyumba ya buibui. Sikupiga chafya. Nikaandika hivyo kwenye taarifa yangu, kwa maneno ya heshima kidogo. Makao makuu wakanijibu kwamba hizo ni hisia, na kwamba mfumo umempa rangi ya kijani.

Mfumo, kwa wale ambao hamjaanza kuuabudu, ni programu inayompa kila mteja rangi. Kijani akopeshwe, njano atazamwe, nyekundu aende kwa heri. Unasoma karatasi vizuri sana. Pua hauna. Yule bwana alikopeshwa, na nasikia anaishi vizuri tu, ingawa si Tanga.

Sasa tumrudie Bi Mwanakombo.

Alikuwa na banda la mabati nyuma ya nyumba ya urithi ambayo ndugu hawajaigawa, kwa hiyo hati yake haikuweza kuwa dhamana ya mtu yeyote. Ndani ya banda mlikuwa na mashine tatu za kusokota kamba alizozinunua kama chuma chakavu, kiwanda alichofanyia kazi ujanani kilipofungwa. Alizifufua mwenyewe, akawaita wanawake aliosokota nao zamani, wakaanza. Kamba zao zilikuwa nzuri. Nilizijua kwa sababu mashine zake zote tatu zilisokota kuelekea kulia na hazikukubali vinginevyo, na ukiivuta kamba yake mkononi haikuachia hata uzi mmoja.

Kwa miaka mingi kamba hizo zilitoka Makorora zikiwa za Bi Mwanakombo na kufika kwa wanunuzi zikiwa za Bwana Sudi. Sudi ni dalali. Hajawahi kusokota hata kamba ya kiatu. Alichokuwa nacho ni namba ya mlipa kodi, mashine ya risiti, na shati lililopigwa pasi. Kwenye mfumo wetu alikuwa ameandikwa "mzalishaji wa kamba," rangi ya kijani kibichi kama mchicha wa Lushoto.

Halafu ikatokea ajali ya haki. Ofisa manunuzi wa kampuni moja kubwa inayofunga mizigo ya kusafirisha alichoka kucheleweshewa na Sudi, akafuatilia kamba mpaka zinakotoka. Akampa Bi Mwanakombo oda kwa jina lake. Bi Mwanakombo akasajili biashara, akanunua mashine ya risiti, akasokota, akapeleka mzigo. Ulipofika ukakubaliwa wote, na hapo hapo akaahidiwa oda ya pili, kubwa zaidi, yenye tarehe ya mwisho.

Ili asokote oda ya pili alihitaji katani. Katani inatoka korona, kule mashambani mkonge unakokwanguliwa, na watu wa korona hawatoi hata robota moja la nyuzi mpaka waone pesa. Pesa yake ilikuwa kwa mnunuzi, imelala miezi mitatu. Akishindwa kupeleka kwa wakati, oda itarudi kwa Sudi, na yeye atarudi kuwa mtu asiye na jina nyuma ya shati la mwenzake.

Akaja ofisini kwangu na ankara yake ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya mkoba, ndani ya kanga.

"Mama Neema," akaniambia, "mie sikuja kukopa. Nataka changu mapema, basi."

Nimehudhuria semina nyingi za mikopo hii, nyingine zenye chakula kizuri sana. Sijasikia mtu akiieleza vizuri zaidi.

Nikatuma maombi yake makao makuu. Wakataka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, za biashara ambayo haikuwa imetimiza hata mwaka. Wakataka muundo wa uongozi. Nikachora kisanduku kimoja, nikaandika ndani yake "Bi Mwanakombo." Wakarudisha wakisema mchoro hauonyeshi nani anaripoti kwa nani. Mwishowe wakakubali kumtuma mkaguzi aje aone kwa macho, na kwa kuwa kanuni zinataka mteja ajulishwe, ikaandikwa barua. Barua ilisema mkaguzi atakuja "kukagua ghala na mali iliyomo."

Na mali iliyomo. Maneno matatu hayo ndiyo yaliyomfunga.

Ghala la Bi Mwanakombo lilikuwa tupu, na utupu huo ndio uliokuwa ushahidi wake. Mzigo umeuzwa, umeondoka, ankara ni ya kweli. Ghala lingekuwa na nini? Yeye mwenyewe alilielewa hilo. Lakini barua ilisomwa barazani, na barazani kulikuwa na Mzee Hatibu, jirani yake anayesokota kamba kwa mkono, na wake wa majirani, na kila mtu mwenye maoni, yaani mtaa mzima.

Wale mliozaliwa pwani hamhitaji kuelezwa. Mimi mtu wa milimani ilinichukua muda. Mtu wa Tanga akipata wageni, sahani za jirani ni zake, jamvi la jirani ni lake, na sufuria kubwa ya mtaa inajua njia ya kwenda yenyewe. Hakuna anayeuliza ya nani. Mgeni hapaswi kuona upungufu wa mwenyeji. Hiyo ndiyo sitara, na kumsitiri mwenzako ni wajibu kama kumzika. Bi Mwanakombo alijaribu kuwaeleza kwamba wageni hawa wanataka kuona ghala tupu. Nilisimuliwa kwamba Mzee Hatibu alimtazama kwa huruma, kama mtu anayetazama homa ikipanda.

"Weye unajua kuwa umeuza," akamwambia. "Wao watajuaje? Watakuta ghala kama kinywa cha kibogoyo, waseme huyu mwanamke hana kitu."

Asubuhi ya ukaguzi, Bi Mwanakombo alipotoka kwenda sokoni kutafuta vya kuwapikia wageni, mtaa ukafanya kazi. Mzee Hatibu alileta kamba zake zote. Wengine wakaleta za mitumbwi, za kuanikia nguo, za ndoo ya kisimani. Aliporudi, ghala lilikuwa limejaa hadi kwenye kenchi za paa, na majirani wamekaa kizingitini wamevaa vizuri.

Mkaguzi wetu alikuwa kijana anaitwa Deo, mwenye adabu, mwenye viatu ambavyo havikuwa vimewahi kuonana na Makorora. Akamwamkia Bi Mwanakombo shikamoo ya heshima kabisa, akanywa chai, akala vitumbua, kisha akafunguliwa ghala. Akafurahi. Nadhani alikuwa amezoea kuonyeshwa maghala matupu. Akaanza kupiga picha.

Mimi nilisimama mlangoni, na sikuhitaji muda mrefu. Nusu ya kamba zilikuwa zimesokotwa kuelekea kushoto. Moja ilikuwa bado na kitanzi cha kufungia mbuzi, chenye manyoya. Nikamtazama Bi Mwanakombo. Alikuwa anatazama chini. Nikamtazama Mzee Hatibu. Alikuwa ametulia kama baba wa bwana harusi.

"Mama," Deo akauliza, "kamba hizi zote ni zako?"

Majirani wote walikuwa pale, kila mmoja akiiona kamba yake.

"Ni za hapa hapa," Bi Mwanakombo akasema.

Deo akaandika.

Garini nilimweleza yote: kulia na kushoto, sitara, kitanzi cha mbuzi. Alinisikiliza vizuri, tena nafikiri aliamini.

"Mama, nimekuelewa," akasema. "Ila picha zimeshakwenda. Mfumo unazipokea hapo hapo, pamoja na mahali zilipopigwa. Siwezi kuzifuta."

"Basi andika maelezo chini yake."

"Kuna nafasi ya maneno kumi."

Taarifa ilirudi kabla ya Ijumaa, kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwenye mkopo uliokubaliwa. Ilisema kwamba bidhaa zinazodaiwa kuwa zimekwisha kuuzwa zimeonekana ghalani kwa mteja, na kwa hiyo ankara ina mashaka. Nyekundu. Mteja wangu pekee aliyesema kweli tangu neno la kwanza akaandikwa mwongo, kwa ushahidi wa picha.

Nikaenda kumpa habari. Nilikuwa na hasira, na ilielekea upande usiostahili. Nikamuuliza kwa nini hakusema neno moja tu, kwamba si zake. Alikuwa anazoa vumbi la katani kwenye mashine, hakuacha.

"Watu wamenivika nguo mbele ya wageni," akasema. "Niwavue wao?"

"Ungepata mkopo, Bi Mwanakombo."

"Na majirani ningewakopa benki gani?"

Sikuwa na bidhaa ya namna hiyo.

Kilichobaki kumwokoa ni neno la mnunuzi. Barua moja ya mistari miwili kwamba mzigo ulifika na ulikubaliwa, basi, picha za Deo zote zingekuwa picha za kamba za kuanikia nguo. Nikaenda mwenyewe mpaka kwenye geti la kampuni. Mtunza stoo alimkumbuka mara moja. "Kamba za yule mama? Zimeshakwisha, mwenzangu, tumefungia mizigo na mizigo imeshapanda meli." Nikamwomba aandike hayo. Akacheka kwa upole. Yeye ni wa kupokea. Wa kuandika yuko Dar es Salaam.

Wa kuandika, nilipompata kwa simu, alisema hana tatizo lolote kuthibitisha, mradi benki imwandikie rasmi. Makao makuu yetu wakasema benki haiwezi kuandika rasmi kuhusu ombi lililokwisha kukataliwa. Nikauliza litafunguliwa vipi upya. Wakasema kwa kuleta uthibitisho wa mnunuzi. Nilikaa nikauchora ule mduara kwenye karatasi, maana walinizoeza kuchora.

Hapa ndipo mnisikilize, vijana, maana ndilo nililolipata katika miaka yote hiyo na hamtalikuta kwenye fulana. Wakufunzi watawaambia tatizo la viwanda vidogo ni ukosefu wa taarifa. Taarifa haikukosekana. Mtunza stoo alikuwa nayo getini, imekamilika. Ila taarifa ina mwenyewe, na mwenyewe ana faida zake. Kwa mkataba wa kampuni ile, miezi mitatu ya kulipa inahesabiwa tangu siku wanapothibitisha kupokea, siyo siku waliyopokea. Kila siku wasiyoandika ni siku ya kukaa na pesa ya mtu bure. Wangeharakia nini? Wenye kuumia na ule ukimya ni wawili, mwenye kiwanda na mkopeshaji, na mkopeshaji anajitibu kwa kumkataa mwenye kiwanda.

Kwa hiyo mkienda kazini, anzieni kwenye geti la mnunuzi, kisha ndiyo mwende ghalani. Mfundisheni mteja asiliache lori litoke huko bila mhuri na sahihi ya siku hiyo hiyo. Msikilizeni mtunza stoo. Na mkimwandikia mtu wa pwani kwamba mnakuja kukagua ghala, mwelezeni wazi mnataka likiwa tupu au limejaa. Atawapatia lolote mtakalo. Ni watu wakarimu.

Mimi nilistaafu jambo hilo likiwa mezani. Nikapewa saa ya ukutani na hotuba, na jalada likaenda kwa mmoja wenu, kijana mzuri, ambaye kila nikimuuliza huniamkia kwanza kisha husema linashughulikiwa.

Wakati linashughulikiwa, benki yetu ile ile ilimpa mkopo Bwana Sudi, mzalishaji wa kamba, rangi ya kijani. Sudi akaenda korona na pesa mkononi, akanunua marobota, akayaleta kwa lori mpaka uani kwa Bi Mwanakombo akayashusha. Hakumwandikisha kitu. Alimwambia tu asokote, oda isipotee bure, mambo ya jina yatazungumzwa baadaye. Kwa hiyo pesa ya benki ilifika Makorora kama ilivyokusudiwa, ila imepitia kwenye shati.

Kwa desturi ya watu wa katani, robota likishakatwa mkanda halirudi kwa mwenyewe. Aliyekata amekubali masharti, hata yale ambayo hayajatajwa. Wasokotaji wake wanataka akate; wamekaa bila kazi kiasi cha kutosha na wengine wameanza kuuza maandazi. Mzee Hatibu naye anasema kata, jina si chakula. Nilimpitia jana jioni. Mashine zote tatu zilikuwa kimya, marobota yamefunikwa turubai kwa ajili ya mvua, na barua kutoka Dar es Salaam haijaandikwa. Oda inafika ukomo mwisho wa mwezi huu. Nilifunua turubai nikatazama: mikanda yote ilikuwa bado mizima.